Kosa la Leicester limenifuata hadi Wete: nalifutaje?

Shikamoo Bi Mkubwa.

Nnakuandikia nikiwa barazani kwangu Wete, saa tano ya usiku, mke wangu keshalala na watoto pia. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Hii ya nne nakuomba uipokee ilivyo, na jina langu usiliweke.

Nina miaka 47. Niliondoka Pemba mwaka 2003 nikaenda Uingereza, nikaweka makaazi Leicester, kazi yangu ghalani, zamu ya usiku. Ndoa yangu ya kwanza ilikuwa inapasuka na mimi nikaingia kwenye pombe. Sikuwa mlevi wa kuokotwa njiani, lakini Ijumaa ikifika na mshahara umeingia nilikuwa na wenzangu, na wenzangu walikuwa na mahala pao.

Usiku mmoja wa Februari 2012 nikatoka huko nikapanda gari yangu. Nyumbani hapakuwa mbali hata maili 2. Taa sikuwasha. Polisi wakanisimamisha kwenye raundabauti, wakanipulizisha kidude chao, kisha kituoni nikapuliza tena kwenye mashine kubwa. Ikasoma 62. Kiwango cha kule mwisho ni 35. Sikumgonga mtu, wala paka. Mwezi wa Machi nikasimama mbele ya mahakimu, nikakiri. Faini, na kufungiwa kuendesha miezi 17. Nikahudhuria kozi yao ya waliokamatwa wamelewa, ikanipunguzia miezi 4. Faini niliilipa kidogo kidogo, hadi mwaka unakwisha nilikuwa sidaiwi.

Tangu raundabauti ile sijatia pombe mdomoni. Leo ni miaka 13.

Nilirudi nyumbani 2016, nikaoa. Mke wangu ni mwalimu wa Kiingereza, ana heshima zake hapa mtaani, na baba yake ndiye aliyekuwa akitusomesha sisi chuoni utotoni. Mke wangu hajui. Hapa Pemba hajui mtu.

Sasa yamenijia mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, binti yangu wa ndoa ya kwanza anamaliza chuo kikuu Toronto na anataka mimi na mama yake wa kambo twende tukamshuhudie. Fomu za viza mke wangu ndiye anayezijaza, maana ndiye mtu wa kompyuta nyumbani. Nimeichungulia nikaona wanauliza kama umewahi kutenda, kukamatwa, kushitakiwa ama kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai katika nchi yoyote. La pili, kuna hoteli kaskazini ya Unguja inataka kunichukua niwe msimamizi wa magari yao. Wanataka cheti cha polisi cha hapa kwetu, na fomu yao ina swali hili, nakuandikia kama lilivyo: "Je, katika miaka 5 iliyopita umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la kuendesha gari?" Nilipofika kwenye "kutiwa hatiani" jasho likanitoka. Fomu nikaikunja nikaitia mfukoni na imo mpaka leo.

Kuna kijana pale Darajani kaniambia ana mtu wake ndani ya polisi ya Uingereza, na kwa shilingi 1,800,000 jina langu litasafishwa kabisa. Kianzio nimeshampa 400,000.

Je, hukumu ya zamani kama hii inafutika? Nikae kimya kwenye hizo fomu? Na mke wangu, nimwambie au nife nayo?

Baba wa Watatu,
Wete

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kijana wa Darajani, maana huyo ndiye anayekula kila siku inayopita. Usimuongeze hata shilingi. Mkumbushe mbele ya shahidi kwamba unataka 400,000 zako, na akikuzungusha, kituo cha polisi kipo. Hana mtu ndani ya polisi ya Uingereza, na hata angekuwa naye, kuchezea kumbukumbu zile ni kosa la jinai kwa aliyechezea na kwa aliyemtuma. Wewe uliingia mahakamani mara moja kwa ajili ya bia. Unataka uingie tena kwa ajili ya kuficha bia?

Mimi nimestaafu ukarani wa mahakama. Miaka mingi nimekaa nikiandika majina ya watu kwenye daftari kubwa lile, na nimeona wengi wakija baadaye, wengine wameshaota mvi, wanauliza hilohilo lako: bibi, hutoki wino huu? Nikiwaambia hautoki wanaondoka vichwa chini. Siku hizi nawauliza kwanza: nani kakuuliza, na kauliza nini? Kwa sababu daftari linaweza kubaki pale pale na wewe usidaiwe jawabu.

Sasa itoe hiyo fomu ya hoteli mfukoni uinyooshe, usome ulichoniandikia mwenyewe. Katika miaka 5 iliyopita. Wewe ulihukumiwa Machi 2012. Jawabu lako ni hapana, na ni hapana ya kweli, unaweza kuitia saini huku unakunywa chai. Umebeba kazi mfukoni kwa woga wa swali ambalo halikukuhusu! Na cheti cha polisi cha hapa kinatoka kwenye kumbukumbu za Jeshi la Polisi letu. Hukumu ya mahakimu wa Leicester haimo humo. Peleka alama zako za vidole ukamalize.

Ila wakikukalisha kwenye usaili wakakuuliza kwa mdomo, "Umewahi?", hapo hapana yako imekwisha nguvu. Sema ndiyo, 2012, Uingereza, nikafungiwa leseni, na tangu siku hiyo sijagusa. Anayekabidhiwa magari ya wageni ana haki ya kuulizwa hivyo, na mimi ningekuwa mwenye hoteli ningemwajiri mtu aliyesema hivyo kabla ya yule anayeapa kwamba hajawahi hata kusahau taa.

Tuje Uingereza. Wana sheria ya mwaka 1974 inayosema kwamba hukumu ikishapitwa na muda wake, mtu huhesabiwa kama hakuhukumiwa, isipokuwa kwa baadhi ya kazi na mambo yaliyotajwa. Faini peke yake huchukua mwaka 1. Lakini kosa lako liliandikwa kwenye leseni, na maandishi hayo kwa mtu mzima huchukua miaka 5 tangu siku ya hukumu. Kwa hivyo tangu Machi 2017 hukumu yako, kwa sheria yao, imepitwa. Hukulipa mtu, hukuandika barua, hukwenda kokote. Ulikuwa umeshakaa Wete unalea, na mzigo ukashuka wenyewe bila ya wewe kujua.

Kwenye leseni yenyewe ile alama ya DR10, yaani ya kuendesha umelewa, hukaa muda mrefu zaidi, miaka 11. Sababu yake ni kwamba ukikamatwa umelewa mara ya pili ndani ya miaka 10, mahakama ya kule inapaswa kukufungia miaka 3 kwa uchache, badala ya mwaka 1 wa mara ya kwanza. Kwa hivyo wanataka la kwanza wawe bado wanaliona. Yako ilitoka Machi 2023.

Kilichobaki ni kompyuta ya polisi. Hapo sitokudanganya. Polisi wa Uingereza huweka kumbukumbu za hukumu mpaka mtu afikie umri wa miaka 100. Ipo njia ya kuomba ufutiwe, lakini imewekwa kwa waliokamatwa wakaachiwa, au waliopewa onyo bila ya kufika mahakamani. Hukumu ya mahakama haimo. Ndiyo maana nikasema yule kijana anauza upepo: anakuuzia kitu ambacho hata wakili wa London hawezi kukupa.

Lakini kuwemo kwenye kompyuta na kuonekana kwenye karatasi ni vitu viwili. Ofisi inayotoa vyeti vya polisi kwa wanaosafiri inaitwa ACRO. Mtu asiye na chochote huandikiwa "No Trace", yaani hakuna alama yoyote. Mwenye kosa la zamani ambalo, kwa uzito wake na adhabu yake, limeshapita muda waliouweka, huandikiwa "No Live Trace", yaani hakuna alama iliyo hai. Neno moja tu limezidi, na maofisa wa viza wanalijua maana yake. Nakwambia mapema ili siku ukilipata usidhani umefichwa kabisa, wala usizimie ukadhani umefichuliwa.

Kama unataka kujua hasa wameandika nini juu yako, iombe ACRO nakala ya taarifa zako. Haki hiyo ni bure, na kwa kawaida wanatakiwa wakujibu ndani ya mwezi 1. Utatakiwa kitambulisho na anwani ulizoishi. Hii uifanye wewe mwenyewe, kwa barua pepe yako, si ya dukani.

Canada ndipo penye kazi.

Kule hakuna "miaka 5 iliyopita". Swali ulilochungulia linasema umewahi, nchi yoyote. Sheria ya Uingereza ya kusahau haifungi mdomo wa fomu ya Canada. (Marekani ndio wakali zaidi; fomu yao ya viza inataka useme hata kama ulisamehewa.) Kwa hivyo hapo jawabu ni ndiyo. Najua moyo umekupiga, subiri.

Ukisema hapana wakagundua, unahesabiwa mdanganyifu na unafungiwa Canada miaka 5, na hilo litabaki kwenye faili lako la uhamiaji maisha. Na kugundua si kazi: Watanzania wanaoomba viza ya Canada wanatoa alama za vidole, na nchi hiyo inapashana habari za uhamiaji na Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand. Vidole vyako Leicester wanavyo tangu usiku ule.

Ukisema ndiyo, angalia tarehe zako zilivyo. Mpaka 2018 Canada ililihesabu kosa la kuendesha umelewa kuwa jinai ya kawaida. Tarehe 18 Desemba 2018 wakapandisha adhabu yake ya juu hadi kifungo cha miaka 10, na kwa sheria yao ya uhamiaji likaingia kwenye fungu la jinai nzito. Aliyetenda baada ya siku hiyo hafaidiki tena na kupita kwa miaka; akishamaliza adhabu lazima angoje miaka 5 kisha aombe rasmi akubaliwe kuwa amejirekebisha, kwa ada kubwa. Aliyetenda kabla, akiwa na kosa moja tu na imepita miaka 10 tangu amalize adhabu yote, huweza kuhesabiwa kuwa amejirekebisha kwa kupita muda.

Hesabu tuipige pamoja. Adhabu haimaliziki siku ya hukumu. Inamalizika faini ikishalipwa yote na kifungo cha leseni kikishakwisha. Miezi 17 toa 4 ni 13, kutoka Machi 2012 inakupeleka Aprili 2013. Faini uliimaliza kabla ya hapo. Miaka 10 ikatimia Aprili 2023. Na ulitenda Februari 2012, miaka 6 na zaidi kabla ya sheria mpya. Ungekamatwa Leicester 2019 barua yangu hii ingekuwa nyengine kabisa.

Hayo ofisa wa viza hatoyakisia, unampa mkononi. Iandikie mahakama iliyokuhukumu uombe nakala ya hukumu kutoka kwenye daftari lao: jina lako kamili kama lilivyokuwa wakati ule, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kesi. Sema unaihitaji kwa viza. Tafuta chochote kinachoonesha faini ililipwa na kozi uliimaliza. Halafu andika barua ya ukurasa mmoja, bila ya kujiliza: nini kilitokea, kipimo kilisoma ngapi, adhabu ilikuwa nini, ilikwisha lini, na umeishije tangu hapo. Usiandike kwamba taa ndiyo iliyokuponza. Kila mshitakiwa niliyemuandika alikuwa na taa yake.

Uamuzi ni wa ofisa, na anaweza kukunyima kwa sababu nyengine kabisa isiyohusiana na hili, kama vile kutoshawishika kwamba utarudi. Kwa hivyo anza mapema. Nakala ya mahakama haiji kwa siku mbili, na binti hawezi kuambiwa asogeze mahafali.

Wapo wasomaji watakaosema, na mimi niliyehukumiwa hapa hapa je? Kwetu, asiyeridhika na hukumu hukata rufaa, na rufaa ina muda wake; ukishapita, unaomba kwanza ruhusa ya kukata nje ya muda kwa sababu zenye uzito. Katiba ya Zanzibar ya 1984 pia inampa Rais uwezo wa kusamehe, na ndio ile misamaha tunayoisikia kila Mapinduzi inapokaribia. Mwenye jambo kama hilo aende kwa wakili akiwa na namba ya kesi, si kwa maneno ya barazani.

Sasa mkeo.

Umeniuliza umwambie au ufe nayo, na mimi nakuuliza: ulikuwa umepanga kuijaza vipi ile fomu? Yeye ndiye atakayesoma swali kwa sauti, "umewahi kukamatwa," na kidole chake kiko tayari kwenye hapana. Ukimwacha abonyeze, umemtia na yeye kwenye uongo wako, na viza mnaomba kwa safari moja. Hilo sikubali, mwanangu.

Najua kinachokuzuia ni baba yake kuliko yeye. Mkwe mwalimu wa chuo, wewe ulikaa mbele yake na juzuu mkononi, leo aambiwe ulikuwa unalewa. Lakini nani kasema baba aambiwe? Dini yetu inampendelea mtu asitiri aliyositiriwa na Mola wake. Aliyetubia hatakiwi apande juu ya mnara kujitangaza, na hukuwa na deni la kumhadithia kila mtu wa Wete ulichokunywa Leicester. Kwa hilo umekaa vizuri miaka yote hii. Ila sitara ni kunyamaza. Karatasi inayouliza, ukaitia saini kwa kinyume chake, hiyo ina jina jengine.

Nami nikiwa mke wa mtu nakwambia lingeniuma nini. Bia ya 2012 isingeniuma, wakati ule hata hukuwa unanijua. Ingeniuma kwamba kijana wa Darajani alijua kabla yangu, na akalipwa.

Kwa hivyo mwambie kabla ya fomu, sio kwenye fomu. Si mbele ya watoto, wala usiku ambao amerudi skuli na madaftari 60 ya kusahihisha. Mwambie kwa ufupi, usimalizie na "nisamehe" kila sentensi, kisha unyamaze umwache aulize. Atauliza mengi, na mengine atayauliza baada ya wiki, wakati wewe ushadhani yamekwisha. Yajibu yote. Na 400,000 pia mtajie, maana mwisho wa mwezi ataziona hazipo.

Akishakuwa nayo, muombe akusaidie ile barua ya ukurasa mmoja. Kiingereza chake ni bora kuliko chako, na ataikata kila mahala ulipojitetea.

Fomu ya hoteli ipeleke kesho. Boti ya asubuhi.